Picha Mbili za Shati Moja

Simu mpya ilifika nyumbani kwangu mwezi wa nane, ndani ya boksi la viatu, imevishwa soksi tatu ili watu wa forodha wasiishtukie. Binti yangu Karely aliituma kutoka Phoenix, ng'ambo ya mpaka, anakosafisha vyumba vya hoteli, na aliyeileta ni dereva wa basi ambaye hula kwangu kila akipita. Sijamaliza kuivua soksi ya pili, jirani wa kulia alikuwa ameshajua ni ya rangi gani, na wa kushoto alikuwa ameshauliza ile ya zamani nitampa nani.

Ndivyo nyumba yangu ilivyo. Nauza chakula mlangoni, maharage na tortila na nyama kavu ya kuponda na mayai, na mtu akishakaa kwenye kiti changu hainuki mpaka aseme nani kaachwa na nani kanenepa. Jumanne na Jumamosi mchana huwa hapana pa kukanyaga, maana ndipo kundi letu linaporudi kutoka porini: viatu vimejaa vumbi, nondo zimeegemezwa ukutani, wanawake kumi na wanne wanataka maji, kahawa na habari.

Kundi letu linatafuta watoto waliopotezwa. Tunatembea kando ya mifereji na nyuma ya mashamba ya viazi, tunachomeka nondo ardhini, tunaichomoa, tunanusa ncha yake kama ina harufu ya maiti. Kazi ni hiyo. Hapa mjini kwetu, Tres Guamúchiles, na jimbo zima la Sinaloa kwa jinsi ninavyolijua, hakuna mtaa usio na karatasi ya mtu anayetafutwa ukutani.

Mimi sikupotelewa na mtoto wa kuzaa. Nilimsimamia Ubaldo ubatizo, nikamshika kichwa wakati padri anammwagia maji, na tangu siku hiyo mimi na mama yake, Nereyda, tukawa makomadre. Kwetu komadre si rafiki tu. Ni ndugu uliyemchukua mbele ya altare, na huwezi kumrudisha. Wanawake wengine unawaita doña, kwa heshima tu; yeye unamwita komadre. Ubaldo alikuwa fundi wa pancha. Miaka minne iliyopita, Jumatatu asubuhi, aliitwa akazibe gurudumu la lori barabara ya mfereji. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Lori halikuonekana, gurudumu halikuonekana, na yeye hakuonekana.

Nereyda alishona magunia kwenye ghala la viazi kwa miaka thelathini. Sasa sukari imemmaliza miguu, haji porini. Yeye na mumewe, don Fidencio, ambaye naye kifua kilikuwa kimemchoka, walikuwa wanatafuta kwa macho, wakiwa nyumbani.

Nieleze hapo, maana ndipo palipoharibikia. Tukipata kitu chini ya ardhi tunawaita wataalamu wa serikali. Wao wanafukua, wanaitia mifupa kwenye mabegi yao na nguo kwenye mabegi ya karatasi, wanafunga kwa utepe, na tangu hapo hakuna mama anayeruhusiwa kugusa. Lakini kabla ya utepe wanatupa dakika chache. Tunatandika shuka jeupe chini, nguo inawekwa juu yake kama ilivyotoka, haikunjuliwi wala haisuguliwi, tunapiga picha haraka. Alhamisi picha zinawekwa kwenye ukurasa wetu, na akina mama wa jimbo zima wanaufungua. Damu zetu zote zilishachukuliwa zamani ili zilinganishwe na mifupa, ila foleni ya kupima mifupa ni ya miaka. Mama akisema "nguo hii ni ya mwanangu," mifupa iliyokuwa nayo inapimwa kwanza. Asiposema mtu yeyote kwa siku tisini, kila kitu kinakwenda makaburi ya manispaa, upande wa wasio na jina, na namba.

Kwa hiyo kila kitu kilikuwa picha. Porini macho yamejaa jasho na vumbi, kila mmoja anasukumwa, hakuna anayetazama kwa makini. Kutazama ni kazi ya nyumbani, umekaa, unaivuta picha kwa vidole viwili.

Mpiga picha wetu alikuwa Obdulia, mjane mkavu, wa maneno machache, anayemtafuta kaka yake. Simu yake ilikuwa na miaka tisa. Kioo kimepasuka kona hadi kona, mgongo umefungwa kwa mpira wa nywele, na picha zake zilitoka na rangi ya uji wa jana. Wanawake waliiita Bibi Kizee.

Jumamosi ya kwanza baada ya simu yangu kufika, niliwapanga wote mbele ya jiko nikawapiga picha. Simu ikapita mkono kwa mkono.

"Mama yangu," akasema Tomasa, yule wa mdomo mrefu. "Hapa sina hata kidevu cha pili. Hermelinda, simu hii ni ya kuolewa nayo."

"Mpe Obdulia ajione. Anaweza kupata mchumba."

"Obdulia mchumba wake ni Bibi Kizee. Wanalala kitanda kimoja."

Obdulia aliichukua, akaitazama ile picha kwa muda, akairudisha. "Huyu si mimi," akasema. "Mimi nina kovu hapa."

"Lipo, ila haliringi," nikamwambia. Watu wakacheka.

Tomasa, ambaye hawezi kuacha jambo likapoa, akasema basi tangu leo picha za nguo zipigwe kwa simu ya Hermelinda, tumechoka kukodoa macho tukitazama chenga. Wote wakakubali. Nami nilikubali, na siwezi kuwadanganya, nilikubali kwa raha. Miaka yote katika kundi kazi yangu ilikuwa kupika na kubeba maji. Sasa nilikuwa na kitu ambacho wao hawana.

"Mimi nitaendelea kupiga zangu," akasema Obdulia.

"Za nini tena, shoga?"

"Nimezoea."

Mwezi wa kumi, Jumanne, nondo ya Tomasa ilitoka na harufu nyuma ya ghala lililoungua, chini ya miti miwili ya mesquite. Wataalamu walikuja, wakafukua tangu asubuhi. Alitoka mtu mmoja. Pamoja naye kulikuwa na kiatu kimoja, mkanda, na shati la mikono mifupi lililokauka kwa udongo likawa gumu kama ngozi, kifua kikiwa juu.

Shati lilikuwa la kahawia. Ubaldo alitoka na shati la kahawia. Lakini nusu ya wanaume wa mashambani wana mashati ya kahawia, na ardhi hugeuza kila rangi kuwa hiyo hiyo. Karatasi ya Ubaldo ilisema hivyo tu: shati la kahawia, mikono mifupi, mfuko kifuani. Nikajiambia nitulie, nipige picha, komadre ataangalia. Kule mtaalamu anasema, "Dakika mbili, akina mama, jua linatuua." Nikapiga picha kumi. Nyuma yangu nikasikia mlio wa Bibi Kizee, mmoja tu, kama mtu anayevunja kijiti.

Alhamisi nilikwenda kwa Nereyda na tamale za moto, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya maganda yake, maana picha kama hiyo mtu haitazami peke yake. Don Fidencio alikuwa amelala chumbani, mlango wazi, anakohoa. Nereyda alivaa miwani akaiweka simu yangu mezani kama sahani. Alivuta picha kwa vidole, akaenda moja kwa moja kwenye mfuko. Hakutazama kola wala vifungo. Mfuko tu, juu, chini, pembeni. Kila uzi wa kitambaa ulionekana, safi, kana kwamba shati limetoka kufuliwa.

Akavua miwani.

"Si lake."

"Una hakika, komadre?"

"Si lake. Picha nzuri kama hii, ningeona."

"Ungeona nini?"

"Ningeona," akasema, akaikunja miwani.

Nilipumua. Mtanielewa au hamtanielewa: kila mama wa kundi letu anaomba apate, na picha ikija anaomba isiwe. Tulikula tamale. Nereyda alikula mbili, yeye ambaye sukari ilimkataza. Aliinuka kumpelekea mumewe moja, nikawasikia wakinong'ona huko ndani. Mimi nikakaa pale mezani natazama picha yangu na kujisifu kimoyomoyo. Nilijisifu kiasi kwamba niliituma hata kwa wataalamu, ofisini, na maneno haya: "Hii ni safi zaidi, muitumie kwenye faili." Wakanijibu wakanishukuru.

Hakuna aliyedai shati. Siku tisini zikapita, mwezi wa kwanza mwenye shati akapelekwa makaburi ya manispaa. Mwezi wa pili don Fidencio akafa. Alifia kwenye kiti mlangoni, uso umeelekea barabarani, kofia magotini. Nyumba ilijaa watu, nikapika siku tisa za matanga, na kila aliyekuja alisema jambo lile lile: maskini, kaondoka bila kujua mwanawe yuko wapi.

Mwezi wa nne tulianza kutengeneza turubai la maandamano. Kwetu tarehe kumi ya mwezi wa tano ni siku ya akina mama. Wengine wanapelekewa maua na keki, sisi tunaandamana hadi uwanjani. Mwaka ule tuliamua kubeba turubai lenye picha za nguo zote zilizowahi kutoka ardhini. Obdulia alileta za kwake za miaka yote, amezichapisha kwenye duka la fotokopi, karatasi za bei rahisi, bahasha nzima. Tukazimwaga kwenye meza yangu. Nereyda aliletwa na gari la mpwa wake, akapewa kiti na gundi, kazi ya kukaa.

Tomasa alikuwa anatusimulia habari ya sista mmoja na fundi bomba, sote tumeinama tunacheka, ndipo nikaona mkono wa Nereyda umesimama.

"Hii imetoka wapi?"

Alisema taratibu sana. Obdulia akainama kutazama. "Ghala lililoungua. Mwezi wa kumi."

"Mwezi wa kumi lilitoka shati moja tu."

"Ndilo hilo."

Picha ilikuwa mbaya. Giza, chenga tupu, na mstari wa ufa umekata pembeni. Lakini kwenye kona ya chini ya mfuko kulikuwa na mstari mdogo, rangi ya majivu, wa hatua fupi fupi zilizopandana, na mwisho wake kitu kimejitokeza kama sikio la panya.

"Nipe simu yako, komadre," akaniambia.

Nikatafuta picha yangu, nikampa. Akaziweka pamoja, karatasi ya Obdulia na kioo changu. Shati moja, shuka moja, hata jiwe lililozuia shuka ni lile lile. Kwenye picha yangu kona ya mfuko ilikuwa laini, haina kitu.

"Mfuko ulichanika kwenye wenzo wa tairi," akasema Nereyda, kama anasema peke yake. "Ijumaa. Nikaushona kwa uzi wa gunia, kwa shazia, sindano nene ya magunia, maana uzi mwingine sikuwa nao. Fundo la masikio tulikuwa tunafunga sisi wa ghalani, gunia lisifumuke njiani. Nikamwambia nitaufumua Jumatatu jioni, niushone vizuri."

Mimi ndiye niliyeuliza, kwa sababu mimi siwezi kunyamaza hata pale inapofaa.

"Kwa nini hukusema, komadre? Haikuandikwa kwenye karatasi."

Aliinua macho. "Niandike nini? Kwamba mwanangu alitoka nyumbani kwangu ameshonwa kama gunia la viazi? Ukutani, mji mzima usome? Nilijua nikiliona nitalijua." Kisha akaigeukia simu yangu tena, akaivuta picha, akaivuta hadi kitambaa kikawa viraka vya rangi tu. "Nami nililiona."

Jumatatu tulikwenda ofisini, Nereyda, Obdulia na mimi. Aliyetupokea ni bwana Arce, mtu wa nywele zilizolambwa na sauti ya msibani. Alisikiliza, akafungua faili, na juu kabisa palikuwa na picha yangu, imechapishwa kubwa, kwenye karatasi ya kung'aa.

"Mama, hapa mfuko hauna mshono."

"Kwenye hii upo," akasema Obdulia, akampa ya kwake.

Aliipeleka dirishani, akairudisha. "Kwenye hii kuna doa. Labda ni udongo, labda ni mkunjo, labda ni kamera yenyewe. Mimi nikitaka kufungua kaburi la manispaa lazima nimwonyeshe hakimu kitu. Nitamwonyesha nini? Doa? Wakati kwenye faili kuna picha nzuri inayosema hapana?"

"Basi lifungueni begi mtazame shati," nikasema.

"Shati limezikwa naye, mama. Ndiyo maana nahitaji sababu ya kulifungua."

Nilimwambia ile picha nzuri ni yangu, ni mimi niliyeituma, na sasa naiondoa. Akatabasamu kwa huruma. Kitu kikishaingia kwenye faili hakiondoki, akasema, na kwa kweli kilikuwa kimewasaidia sana. Laiti wote wangekuwa wanapiga picha kama mimi.

Kesho yake Nereyda akatuambia turudi tena. Safari hii alikuja na mkoba wa ghalani, akakaa mbele ya meza ya bwana Arce bila kuambiwa akae, akatoa kipande cha gunia, uzi na shazia.

"Mwite anayejua kutazama," akasema.

Sijui ni sauti yake au ni aibu ya kumwona mama mzee anapekuapekua kitundu cha sindano kwa macho yaliyoliwa na sukari, lakini bwana Arce alitoka, akarudi na mtaalamu msichana, Yuridia, mwenye koti jeupe na kalamu nyuma ya sikio. Nereyda alishona. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, ila vilipoanza vilikumbuka. Hatua fupi, moja inapanda juu ya mgongo wa nyingine, na mwisho akazungusha, akavuta, fundo likasimama na masikio mawili. Alikata uzi kwa meno.

Yuridia aliiweka picha ya Obdulia chini ya taa, kipande cha gunia kando yake, akachukua kioo cha kukuzia. Alihesabu kwa ncha ya kalamu, midomo ikicheza. Saba na fundo. Akarudi mwanzo, akahesabu tena. Kisha akaitazama yangu.

"Hii imepigwa na simu ya mwaka huu?"

"Ya mwaka jana," nikasema.

"Simu hizi hazipigi picha moja. Zinapiga nyingi kwa mpigo, zinazichanganya, na pale zisipoelewa zinakisia kitambaa kinatakiwa kiweje. Uzi wenye udongo juu ya shati lenye udongo, imeona ni uchafu. Imesafisha." Akamgeukia Obdulia. "Hii yako haina akili hiyo. Imeweka ilichokiona." Halafu kwangu tena, kwa adabu kabisa: "Lakini kufuta kiasi hiki si kawaida. Ulikuwa umewasha kitu cha kulainisha?"

"Sijui mambo hayo, binti," nikasema.

Nilijua. Jumapili kabla ya shati kutoka ardhini nilikuwa kwenye sherehe ya miaka kumi na mitano ya mjukuu wa Tomasa, nimevaa gauni la zambarau, na nilitaka picha za kumtumia Karely ambazo sina mikunjo shingoni. Msichana mmoja pale akanionyesha mahali pa kugusa. Niligusa, nikapendeza, nikapiga picha usiku kucha, na sikugusa tena kurudisha.

Yuridia aliandika kurasa tatu, akasaini. Hakimu alichukua wiki tano. Mwezi wa sita, saa tatu asubuhi, jua limeshakuwa kali, makaburi ya manispaa yakafunguliwa safu ya nne. Namba ilikuwa imeandikwa kwa wino juu ya bati, na jua lilikuwa limeshaila nusu, kwa hiyo walifungua begi la kwanza, halikuwa lenyewe, la pili halikuwa lenyewe. Nereyda alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli alioushika Obdulia. Sisi wengine tulisimama nyuma ya utepe, kundi zima.

Kwenye la tatu Yuridia alifungua begi la karatasi lililokuwa na shati. Alilibeba kwa mikono miwili, akaja hadi kwenye kiti, akachuchumaa. Nereyda hakuruhusiwa kugusa. Alinyoosha kidole akakisimamisha juu ya mfuko, hewani, karibu kabisa.

"Ndiye," akasema.

Kipimo cha damu kilithibitisha baada ya wiki mbili. Tulimzika kando ya baba yake, sanduku jepesi, watu wengi mno. Nilipika siku tisa tena, kwenye nyumba ile ile, sufuria zile zile, na chumba kilikuwa kimejaa hadi uani. Mtu angepita angedhani ni harusi, kama si kwa jinsi walivyokaa.

Siku ya tisa kwetu msalaba hulazwa sakafuni, watu wanasali, na mwisho mmoja anauinua. Anayeombwa kuuinua huingia undugu na nyumba ile kama wa ubatizo. Kwa kawaida ni msimamizi wa ubatizo wa marehemu, akiwa hai. Nilikuwa nimevaa nguo nyeusi mpya. Nilikuwa hata nimesogeza kiti.

Nereyda akaita, "Obdulia, komadre, njoo."

Obdulia alinitazama, uso umemshuka, kama mtu aliyepewa kitu cha mwenzake barabarani. Kisha akaenda, akapiga magoti, akauinua.

Watu walipoanza kunyanyuka nilimfuata Nereyda jikoni. Alikuwa amesimama, amejishikilia kwenye sinki, anasuuza vikombe. Nilimwambia yote: sherehe, gauni, mikunjo ya shingo, mahali pa kugusa, na kwamba Yuridia aliponiuliza nilidanganya. Nilimwambia haraka haraka, kwa kunong'ona, maana nyuma ya pazia kulikuwa na masikio thelathini. Alisuuza vikombe vyote hadi cha mwisho.

"Fidencio aliniuliza Alhamisi ile," akasema. "Nilipompelekea tamale. Akaniuliza, hakuna kitu? Nikamwambia hakuna kitu. Akaniuliza umeangalia vizuri? Nikamwambia nimeangalia."

Alifuta mikono kwenye aproni, akapanga vikombe kwenye sinia, akamimina kahawa, akalisukuma kwangu.

"Peleka, doña Hermelinda. Watu wanangoja."

Nikalichukua sinia, nikatoka nalo.